Mifuko Inayovuka Ziwa

Saruji ya Rumonge hupita majini. Mtu wa Rumonge hupita nchi kavu. Nililijua hilo bandarini Kigoma, nilipomwomba nahodha wa boti la mbao lililokuwa likipakia mifuko anivushe hadi upande wa Burundi. Alinitazama, akalitazama begi langu, akacheka. "Mfuko hautapiki," akasema, "wala hauulizi tunafika saa ngapi." Wapagazi walikuwa wakipita juu ya ubao mwembamba, kila mmoja na kilo hamsini begani, vumbi la kijivu limewaganda kwenye kope, na boti likizidi kuketi majini. Nikarudi mjini kutafuta gari la Manyovu, mpakani.

Mimi ni mkadiriaji majengo kutoka Unguja. Kazi yangu ni kuitazama ramani ya nyumba ya mtu na kumwambia itakula nini: mifuko mingapi, nondo ngapi, mabati mangapi, tripu ngapi za mchanga. Kwetu hesabu hiyo ina safu moja ambayo wenzangu wa bara hawanayo, safu ya kuvusha. Saruji inavuka kutoka Dar es Salaam. Nondo zinavuka, mabati yanavuka, mbao zinavuka, na marumaru za sakafuni zinavuka mara mbili maana zimeshatoka China. Siku hizi hata mchanga, ambao mgeni hudhani kisiwa hakiwezi kuukosa, unachimbwa kwa kibali cha serikali kwa sababu mashimo mengi ya zamani yamekwisha. Nilikuwa nimeizoea safu ile hata nikaiona ni kodi ya kuzaliwa kisiwani, basi. Aliyenitia shaka ni rafiki yangu niliyesoma naye chuo Dar, mtoto wa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Baba yake amerudi kwao Rumonge, anajenga, na ujenzi umekwama. Rafiki akaniandikia kwamba huko kwao, katikati ya bara, nyumba inasubiri chombo kama Unguja. Nikafunga safari nikaone.

Ukitaka kuuelewa mwambao wa Burundi, anza na Kigoma, maana reli inaishia pale. Wajerumani waliifikisha mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na miongoni mwa mizigo mikubwa ya mwanzo iliyopita juu yake ilikuwa meli nzima. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kuungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba ambalo watu wa ziwa wanalijua hadi leo. Kwa hiyo anayedhani kuagiza vifaa ni maradhi ya zama hizi aitazame meli hiyo: hata chombo cha kubebea vitu vya nje kilitoka nje.

Njia nyingine iko kusini kabisa, bandari ya Mpulungu nchini Zambia, ambako saruji ya Zambia hupakiwa kwenda Bujumbura. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na Burundi imeshika kipande cha kaskazini mashariki tu. Kipande hicho ndicho mlango wake wa maji. Bahari yenyewe iko mbali kiasi kwamba mtoto wa Rumonge akikwambia "pwani" ana maana ya ziwa.

Gari la Manyovu lilipanda vilima vya Waha, baridi ikaingia, migomba ikawa mingi. Mpakani nilibadilisha shilingi zangu. Kijana wa kubadilisha fedha alinihesabia bunda la faranga kwa vidole vyepesi, bila kuangalia, huku akizungumza na mwenzake. Faranga ina bei mbili, ya benki na ya barabarani. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha thamani, dola ya benki ikapanda kwa zaidi ya theluthi, lakini dola ya barabarani nayo ikapiga hatua na kukaa mbele palepale. Nilidhani hayo ni mambo ya magazeti. Baadaye niliyakuta dukani Rumonge yamekaa juu ya rundo la mabati.

Baada ya Mugina, ng'ambo ya mpaka, gari linahama upande. Tanzania tunashika kushoto, Burundi wanashika kulia, lakini Probox niliyoipanda ilikuwa na usukani kulia vilevile kama za kwetu. Mimi niliyekaa mbele kushoto ndiye niliyekuwa nikiliona kwanza lori linalokuja, na dereva, kila akitaka kulipita gari, alinipandishia nyusi kuniuliza. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na madumu yaliyofunikwa khanga. Sikuuliza ni ya nini, harufu ilishajibu. Burundi imekuwa na dhiki ya mafuta kwa miaka, na anayetoka Tanzania haji mikono mitupu.

Ukishapita Mabanda barabara inateremka, na ziwa linajitokeza lote, milima ya Kongo ikiwa ng'ambo. Nyanza-Lac, kisha michikichi. Michikichi bila mwisho, pande zote mbili, na katikati yake nyumba. Ni nyumba zinazosomeka kirahisi kwa mtu wa kazi yangu. Chini, msingi wa mawe ya mtoni. Juu yake tofali la kuchoma, jekundu la kufifia, limejengewa udongo na si saruji. Ila kwa nje mapengo ya katikati ya matofali yamezibwa kwa mstari mwembamba wa saruji, ili mvua isiule udongo ulio ndani. Juu kabisa bati. Nilianza kuhesabu nyumba za namna hiyo, nikaacha kwa wingi wake. Mtu aliyeujenga ukuta ule alishafanya hesabu yangu kabla yangu: saruji ameiweka pale tu inapofanya kazi, kama chumvi.

Rumonge uko kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara kuu namba tatu. Ulikuwa makao makuu ya mkoa kuanzia mwaka 2015 hadi mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ulioipunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi mitano. Ni mji wa mawese, wa dagaa na mikeke, na wa Kiswahili. Nilisikia salamu za kwetu tangu nilipoteremka, lafudhi nyingine, maneno ya Kifaransa yamepenya hapa na pale, lakini lugha ni ileile, na adhana ya magharibi ilinikuta bado nauliza njia. Wafanyabiashara wa Ujiji na wa pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa kwenye mwambao huu katika karne ya kumi na tisa, na si kwa heri tupu. Watumwa na pembe walipita hapa. Mapadre Weupe nao walifungua kituo Rumonge mwaka 1879, na Mei 1881 watatu wao wakauawa. Watu wa hapa wameshaona wageni wa kila aina. Mgeni wa kukadiria saruji hakumshtua mtu.

Mzee, baba wa rafiki yangu, alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu. Mwenzio ameniambia wewe unaijua nyumba kabla haijajengwa."

"Najua gharama yake tu, mzee wangu."

"Basi hiyo ndiyo inayonisumbua."

Nyumba yake ya kwanza, aliyoijenga aliporudi kutoka Ulyankulu, Tanzania, ilikuwa chini karibu na ufuo. Alinipeleka kuiona, au kuona ilipokuwa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Mvua ikizidi miaka mfululizo, maji yanaingia kwa mito mingi na kutoka kwa mmoja, na ziwa linapanda. Lilipanda mwaka 2021, likapanda zaidi mwaka 2024, likala mitaa kuanzia Gatumba na Kibenga karibu na Bujumbura hadi huku Rumonge. Tuliposimama palikuwa na mistari ya misingi ndani ya maji, mti wa mwembe uliokufa wima, na mtoto akivua kwa ndoana juu ya kile kilichokuwa kizingiti cha jikoni kwa jirani. Mzee alinionyesha kwa fimbo: hapa nyumba ya matofali mabichi, hiyo iliyeyuka wiki ya kwanza; pale ya kuchoma yenye udongo, ilisimama kisha ikaangukia upande; ile yenye saruji, unaiona bado ina ukuta.

"Ndiyo maana," akasema, "safari hii nataka saruji kila mahali. Chini, kati, juu."

Kiwanja kipya kiko juu, mbali kabisa na ukanda wa mita 150 ambao sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga kando ya ziwa. Msingi ulikuwa umekamilika na kuta zimefika usawa wa madirisha. Hapo kazi ikasimama. Fundi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa na neno lake, ila hakutaka kulitoa mbele ya mwenye nyumba. Alinivuta pembeni kwa kisingizio cha kunionyesha timazi.

"Mwambie wewe, atakusikiliza. Ziwa haliwezi kupanda mlima. Saruji ya kuta zote hizi ya nini? Udongo ndio uliozaa tofali. Ukiwakutanisha ni ndugu, hawagombani."

Nilikaa chini ya kivuli cha mchikichi na daftari, nikampigia hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule, kuta za unene wa sentimita ishirini. Ukijengea saruji tupu, kuta peke yake zitakula mifuko thelathini na kitu. Ukijengea udongo na kuziba mapengo ya nje, mitano inatosha, sita ukiwa na mwiko mzito. Lenta ya juu inayozunguka nyumba nzima ni kama kumi, na hiyo haina mbadala. Mwambao huu uko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika, na ukuta usio na mkanda wa zege na nondo hufunguka pembeni. Sakafu ni thelathini nyingine ukimwaga jamvi zito, nusu yake ukishindilia mawe kwanza. Mzee alizitazama tarakimu kwa muda mrefu. Hofu ya maji ilikuwa inamwagiza mifuko zaidi ya thelathini isiyokuwa na kazi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia bei.

Lakini bei ilikuwa ipi? Hilo lilitupeleka dukani.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa la mama mmoja mwenye kitabu cha hesabu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nyuma yake mabati yamesimama, mengi ya geji 32, membamba ya kutisha. Misumari kwenye ndoo. Mbao nyekundu za libuyu kutoka Kongo. Nondo zilizokunjwa katikati ili ziingie kwenye gari. Saruji ilikuwa kwenye kona, mifuko michache, na michache hiyo ilikuwa na majina ya nchi tofauti: Tanzania, Zambia.

"Ya hapa Burundi je?" nikauliza.

"Ikiwepo ipo. Isipokuwepo, kaka yangu, usiniulize mimi."

Kiwanda cha nchi kipo. BUCECO iko Cibitoke, kaskazini, na inasaga klinka. Klinka hiyo ndiyo roho ya saruji, chokaa na udongo vilivyochomwa hadi kuwa vikokoto vigumu, nayo inaagizwa kutoka nje. Kwa hiyo hata mfuko wenye jina la Burundi umeanza safari yake kwingine. Dola zikikosekana benki, klinka haiji. Dizeli ikikosekana, hata saruji ikisagwa, lori haliitoi Cibitoke. Zanzibar nimezoea kulaumu bahari. Hapa niliona kuwa maji si kitu. Boti lile la Kigoma lilivuka. Kinachochelewesha ni fedha ya kigeni na mafuta, na hivyo viwili vinaweza kupageuza mahali popote kuwa kisiwa.

Mama hakuandika bei yoyote ukutani. Kulikuwa na bei ya serikali, ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyekuwa na saruji ya kuuza kwayo, na kulikuwa na bei ya simu. "Nikikutajia leo, kesho nikaenda kununua nyingine kwa bei kubwa kuliko niliyokuuzia, nimejenga nyumba yako kwa duka langu," akasema. Sijawahi kusikia mwanauchumi akieleza mfumuko wa bei vizuri hivyo.

Fundi alikuwa ameshayaona makubwa kuliko haya. Alikuwa kijana, myede wa kubeba matofali na kukoroga udongo, nchi za jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai 1996. Vikwazo vilidumu hadi Januari 1999. Tanzania ilifunga, Zambia ilifunga, na ziwa likabaki la wavuvi na wa magendo. "Tulikuwa tunang'oa misumari kwenye mbao za zamani tunainyoosha juu ya jiwe," aliniambia. "Bati likitoboka tunaziba kwa lami ya kuokota. Nyumba zilijengwa. Zilijengwa kwa udongo." Miaka ile, kwa maelezo yake, fundi aliyejua kuchagua udongo wa kujengea alikuwa na kazi kuliko fundi wa zege. Vikwazo vilipoondolewa saruji ikarudi, na wale wa udongo wakaonekana washamba. Akataja na Januari 2024, mpaka wa Rwanda ulipofungwa. Safari ile, akasema, watu wa Rumonge hawakushtuka sana, maana wao hutazama Kigoma na Kongo.

Nilimwomba anipeleke kwenye tanuri, nione hiki ambacho hakiagizwi. Tulikwenda hadi bondeni kwa mto Dama, vijana wanafinyanga matofali kwa kalibu ya ubao, wanayaanika, kisha wanayapanga kuwa tanuri lenye midomo chini ya kutilia kuni. Moto huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Nilikuja na furaha ya kumwona adui wa saruji, nikaondoka na furaha nusu. Kuni zile ni mikaratusi, na mikaratusi haitoshi. Juu ya mji kuna hifadhi ya Rumonge, msitu wa miombo ambao umeliwa na mkaa, na ya jirani yake, Vyanda, ambako sokwe wangaliko. Mchoma matofali mmoja alinijibu kabla sijauliza: "Tunajua. Lakini mti upo hapa, saruji haipo." Kuna watu wa mawese mjini wanaochemshia mafuta kwa makumbi na nyuzi za chikichi zenyewe, bila kugusa mti. Nikawauliza wachoma matofali kwa nini wao wasifanye hivyo, wakaniambia makumbi yana wenyewe na yana bei.

Nikawaza vigae. Misheni za kale za Burundi ziliezekwa vigae vya udongo, na nyingi bado zina kivuli cha baridi ambacho bati halitakupa katika joto la Rumonge, ambako saa nane mchana chini ya geji 32 ni tanuri la pili. Fundi alitikisa kichwa. Kigae ni kizito. Kigae kinataka kenchi nene, papi za karibukaribu. Mbao nene zinatoka Kongo, kwa boti. Umeondoa bati la kuagiza, umeagiza mbao. Huyu bwana hakusoma ukadiriaji popote, na alinifunga mdomo.

Ndipo nikamweleza ya kwetu, maana alitaka kujua visiwani tulijengaje kabla ya mfuko. Nilimwambia kwamba Mji Mkongwe nao ni mji wa kuagiza. Mawe yalikuwa ya matumbawe, chokaa ilichomwa palepale, lakini boriti za mikoko zililetwa kwa majahazi, nyingi kutoka Rufiji, na hizohizo zilipanda hadi Oman na Ghuba yote. Vyumba vya Unguja na vya Maskati ni vyembamba kwa sababu moja: boriti haizidi urefu wake, chini kidogo ya mita tatu, basi na chumba hakizidi. Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit el Ajaib mwaka 1883 aliagiza nguzo za chuma kutoka Ulaya ili apate baraza pana ambalo boriti isingempa. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na mafundi wanaojua kupika chokaa ya kulirudishia ni wa kuhesabu.

"Kwa hiyo nanyi mmesahau," akasema fundi.

Tumesahau, lakini nadhani kusahau kwetu kuna sura yake. Jahazi la boriti likichelewa, mjenzi wa zamani alikuwa na mawe yake, tanuri lake la chokaa na watu wanaolijua. Ukuta uliendelea, dari ikangoja. Alichokiagiza kilikuwa kiungo kimoja cha nyumba. Sisi tumekiruhusu kitu kimoja cha kuagiza kiingie katika kila kiungo, katika tofali, katika lipu, sakafu, nguzo, mpaka mfuko ukikosekana hakuna kinachoendelea hata nusu siku. Nimeandika makadirio ya namna hiyo kwa wateja wengi Unguja, na hakuna aliyeniomba namna nyingine, kwa sababu nyumba ya udongo hata mkopo haipewi. Ukuta wa Rumonge, wenye mstari wake mwembamba wa saruji kwa nje, una akili kuliko ramani nyingi nilizowahi kupigiwa muhuri.

Nisije nikaupamba umaskini, hata hivyo. Tulipita Mutambara, kijiji cha amani kilichojengwa kwa ajili ya waliorudi na wasio na ardhi. Wakimbizi wengi waliorejea walipewa mabati, milango, madirisha na misumari, wakaambiwa matofali wafyatue wenyewe. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa wa busara kwenye karatasi. Lakini anayerudi na watoto, bila shamba na bila jamaa wa kumsaidia kubeba maji, hawezi kuusubiri msimu wa jua, na tofali bichi lililofyatuliwa kwa haraka halimsubiri yeye mvua ikija. Mwanamke tuliyemkuta akikandika ukuta wake upya, kazi anayoifanya kila mwaka, aliniuliza kama Zanzibar watu wana nyumba za saruji. Nikamwambia ndiyo, wengi. "Basi mmepumzika," akasema, akaendelea kukandika.

Habari za reli zilinikuta kila mahali. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulitiwa saini Januari 2025, na jiwe la msingi likawekwa Musongati mwezi Agosti mwaka huohuo. Kijana mmoja kwenye kibanda cha chai alinihakikishia kuwa ikikamilika saruji itakuwa bei ya Dar. Mama wa duka alimsikiliza hadi mwisho. "Musongati wana nikeli," akasema. "Treni inafuata nikeli. Mimi niko ziwani." Nafikiri ana haki nusu. Treni itakayopakia madini kwenda baharini haitapenda kurudi tupu, na saruji ni mzigo mzuri wa kurudi nao. Ila kutoka Musongati hadi Rumonge kuna milima, na milima inataka dizeli.

Boti lililotarajiwa liliingia alfajiri. Sijui kama ndilo lile la Kigoma lililonikataa. Yanafanana, na nahodha huyu alikuwa mwingine. Mzee alikuwa ameagiza mifuko ishirini kupitia duka la mama. Ikateremshwa kumi na minne, sita ikiwa imeahidiwa wengine kwa njia ambazo mama hakuzieleza wala mzee hakuziuliza. Fundi aliipita mmoja mmoja, akiibonyeza pembe kwa kidole gumba. Miwili ilikuwa imekula maji ya ziwa njiani na kuanza kuwa jiwe. Akaitenga. "Hii tutaponda tutie chini ya sakafu ya stoo, lenta hapana." Yeye na mwenye duka wakabishana kuhusu miwili hiyo kwa Kirundi, haraka, bila kugombana, wakafika kwenye nusu bei.

Imebaki kumi na miwili. Nilifungua daftari, lakini fundi alishapiga hesabu yake tayari kwa kijiti kwenye mchanga. Kumi ya lenta. Miwili ya kuziba mapengo ya nje, upande unaopigwa na mvua tu. Kuta zimaliziwe kwa udongo, na sakafu isubiri.

Mzee alisimama kimya, mikono nyuma. Aliangalia chini kule ziwani, kisha juu kwenye kuta zake.

"Udongo," akasema.

"Udongo, mzee," fundi akajibu. "Nimeshauloweka tangu jana."

"Tangu jana? Kabla boti halijafika?"

Fundi akainama kuokota karai lake. "Nilijua zitakuja pungufu. Zinakuja hivyo siku zote."

Mzee akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepanga njama hiyo, kisha akamuuliza fundi lini vyumba vitaezekwa. Vyumba viwili na sebule kabla ya mvua, fundi akasema, mabati yaliyopo yanafika hapo. Cha tatu kikipata.

"Na choo?"

"Choo kinataka saruji," akasema fundi. "Hicho mtamuuliza mama wa duka."